Nyimbo za Baba Ndani ya Faili Lililofungwa

Kaka yangu anaamini kitu chenye mwenyewe. Huo ndio msimamo wake tangu zamani, na ameusema mara nyingi hivi kwamba naweza kuumalizia kabla hajafika katikati: programu ya kompyuta unainunua, unapewa leseni, ikikusumbua unamtafuta aliyekuuzia. Yeye anafanya kazi ya kompyuta kwenye ofisi moja ya serikali Vwawa. Mimi nina duka la steshenari Tunduma, pembeni ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka wa Zambia, na kwa miaka niliyokaa pale nikichapa barua za watu na kutoa fotokopi za hati za mizigo, nimefikia msimamo wa kinyume. Programu ambayo hairuhusu mtu kufungua na kuona ndani naitumia shingo upande. Tukikutana nyumbani kwa wazazi wetu Itaka tunabishana mpaka mama anatuambia tutoke nje, tukawasimulie kuku, labda watatuelewa.

Ulikuwa ubishi wa kujifurahisha tu, hadi masikio ya baba yalipoanza kumwacha.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya. Shule alistaafu, kwaya hakustaafu. Alitunga nyimbo za kanisani kwa sauti zote nne, akaziandika kwa nota, na zikaimbwa Itaka, zikaimbwa Mlowo, zikavuka hadi kwa ndugu zetu wa upande wa Zambia ambao walizigeuza kwa lugha yao. Tulimpeleka hospitali Mbeya, daktari akampima, akatueleza kwa upole kwamba kusikia kule kutaendelea kufifia na hakutarudi. Walimpa kifaa cha kuvaa sikioni. Baba alikivaa kwa adabu njia nzima, na tulipofika nyumbani akakivua, akasema watu wote wanaongea kama wamo ndani ya debe.

Kisha akatuambia anachotaka. Alitaka kusikia wimbo wake wa mavuno ukiimbwa kwa sauti nne kama alivyouandika, kabla masikio hayajafunga duka. Hakuomba kitu kingine.

Ungedhani ni jambo dogo. Wimbo ule unaimbwa kila mwaka, mama mwenyewe bado anaimba sauti ya kwanza kama alivyoimba siku ulipotungwa. Lakini karatasi zilizokuwa stoo ya kanisa ziliishia kwa mchwa, na wazee waliokuwa wakishika besi wengine wamefariki, wengine wamehamia mbali, na waliobaki kila mmoja anaimba anachokikumbuka. Baba aliwasikiliza mwaka ule, akiwa bado anasikia kidogo, akaniambia kwamba besi yake imekuwa uji.

Nakala iliyobaki ilikuwa kwenye kompyuta. Kaka alipoanza kazi, zawadi ya kwanza aliyomnunulia baba ilikuwa kompyuta ndogo ya kubeba pamoja na programu ya kuandikia nota, ya kulipia, yenye leseni halali. Baba aliipenda. Aliketi nayo mezani asubuhi baada ya kukagua mibuni, akihamisha nyimbo zake moja moja kutoka kwenye karatasi, na tukienda kumsalimia tulimkuta anaicheza sauti ya tatu peke yake, kisha anaitikia kwa mdomo. Sitasema programu ile ilikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri, na miaka yote ile kaka alikuwa na haki ya kunicheka.

Kompyuta ilikufa, kama zinavyokufa. Mafaili yalikuwa salama kwa sababu kaka alikuwa na tabia ya kunakili kila kitu kwenye flashi na kukihifadhi tena ofisini kwake, na hapo nampa sifa zake zote, maana bila yeye leo nisingekuwa na la kusimulia. Akaweka programu kwenye kompyuta mpya, akachomeka flashi, na programu ikadai leseni. Akaandika leseni. Ikajibu kwamba inahitaji kwanza kuwasiliana na watengenezaji. Ikajaribu, ikakwama, ikajifunga.

Kaka aliwaandikia, kwa Kiingereza kizuri, akaeleza habari za mzee. Walijibu. Walimshukuru kwa kuwa mteja wao mwaminifu, wakamjulisha kwamba bidhaa ile haitengenezwi tena wala haihudumiwi, na kwamba mashine ya kuthibitisha leseni ilikwishazimwa. Alinisomea barua ile kwenye simu. Nilikuwa nimesimama kaunta, na mteja wangu mmoja, mama wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyekuja kutoa kopi, akaniita mama kwa lugha ya kwao, akauliza, "Bamayo, kuna msiba?" Nikamwambia hakuna msiba, nina hasira tu. Nilikuwa na hasira kweli. Nyimbo alizitunga baba. Kompyuta ilikuwa ya baba, leseni ililipiwa, faili liko mkononi mwetu, tunaliona, lina jina la wimbo na tarehe, na hatuwezi kulifungua kwa sababu watu fulani mahali fulani wamezima taa na kwenda nyumbani.

"Sasa mwenyewe wa kitu yuko wapi, kaka?" nilimwuliza.

Akaanza kunisomea barua upya tangu mwanzo, kana kwamba aliruka kitu. Nikamwonea huruma, sikuongeza.

Nilikwenda Itaka kuongea na viongozi wa kwaya, nikawaambia nitatafuta njia nyingine, nitatumia programu ya bure. Hapo nilikosea neno. Mwenyekiti wa kwaya ni mama mkulima wa kahawa, hana haraka na hapendi kupotezewa muda. Akanitazama. "Ya bure," akasema. "Yaani mwalimu wetu ametutungia nyimbo miaka yote hii, halafu mwisho wake mnamfanyia kitu cha bure?" Wenzake wakatikisa vichwa. Nikakumbuka kwamba kwa Kiswahili chetu bure ni bei na tena ni tusi. Mtu bure, kazi bure. Nikajirekebisha haraka, nikasema hapana, wataalamu wanaiita programu huria.

Ikawa mbaya zaidi. "Huria kama soko huria?" akauliza mwingine. "Lile lililotuletea mbolea feki?"

Nikaacha maneno ya wataalamu. Niliwauliza wanafanyaje kwaya ya kijiji kingine inapokuja kwenye sikukuu ikapenda wimbo wao. Wanawapa nota, bila shaka, nani anaficha wimbo? Na wale wanaufanyaje? Wakacheka. Wanaubadilisha, wanaongeza mbwembwe, wanarefusha mwisho, na mwaka unaofuata wanakuja kuuimba mbele yenu kana kwamba ni wao walioutunga. Na mwalimu wetu anafanyaje? Analalamika wiki nzima, akasema mwenyekiti, halafu ile sehemu iliyokaa vizuri anaichukua. Basi, nikawaambia, kuna watu wanatengeneza programu za kompyuta namna hiyo. Mwenyekiti akafikiri. Akasema kumbe ungesema hivyo tangu mwanzo, tusingekaa hapa mpaka mbuzi wanarudi.

Programu yenyewe nilikuwa nayo dukani tayari, naitumia kuchapia nota za kwaya za Tunduma. Kaka alikuwa hajawahi kuikubali. Siku alipokuja kuiangalia niliiweka kwa Kiswahili makusudi, ili nimringie, na jambo la kwanza aliloliona kwenye orodha lilikuwa "Ongeza baa." Chini yake, "Futa baa." Chini yake tena, "Nenda kwenye baa namba."

Alicheka mpaka akaegemea mashine ya fotokopi. "Hii imetengenezwa Tunduma," alisema. "Hapa ndipo mahali pekee mtu anaongeza baa kila siku."

Mtu fulani mwenye nia njema alikuwa ametafsiri, akakutana na neno la Kiingereza la kipimo cha muziki, akalijua kwa maana ya mahali pa kunywea bia. Niliona aibu kwa niaba ya programu yangu. Lakini nilikaa palepale kwenye kiti, kaka akiwa bado anajifuta machozi, nikaingia mahali ambapo watafsiri wanaandika, nikafuta baa zote nikaweka vipimo, nikaeleza sababu kwa sentensi moja. Haikupita muda mrefu programu ikajisasisha, na vipimo vikawa vipimo, kwangu na kwa kila anayeitumia kwa Kiswahili popote alipo. Siwezi kueleza furaha niliyoipata. Mimi, mwenye duka la steshenari. Kaka alisema hiyo bado si hoja, kwamba yeye angependa programu ambayo haikumwita mlevi tangu mwanzo. Hata mimi nilikubali kwamba sauti zake ni mbaya. Ukiichezesha, besi inalia kama pikipiki inayokataa kuwaka.

Na faili la baba, programu hiyo ikashindwa kulifungua. Hilo lazima niliseme. Faili lilikuwa limefungwa kwa namna ambayo watengenezaji wake walikuwa hawakumwambia mtu.

Nikaandika kwenye jukwaa la watumiaji wa programu ile, kwa Kiingereza changu cha kuandikia ankara. Nilisema baba yangu ni mwalimu wa kwaya, anapoteza kusikia, na nyimbo zake zimo ndani ya faili la namna hii. Wengi walinipa pole. Mmoja, mwalimu wa muziki wa nchi ya baridi ambayo nililazimika kuitafuta kwenye ramani, alisema na yeye aliachiwa mafaili ya namna hiyo na mtu aliyemfundisha, na kwa hasira alikuwa amekaa akayachunguza mpaka akaelewa yamepangwaje, kisha akaandika kiprogramu kidogo cha kuyasoma na kukiweka wazi kila mtu akichukue. Nilikichukua. Kwa wimbo wa baba kiligoma katikati. Nikamtumia faili, akatazama tatizo, akarekebisha, akaniambia nijaribu tena na nimweleze mbele ya wote nilichokiona, ili wengine wanufaike. Hakuniuliza mimi ni nani wala nitampa nini.

Kaka alikuja kutoka Vwawa siku niliyoujaribu tena. Wimbo ulifunguka. Mistari minne, sauti nne, vijiti na vichwa vya nota vimejipanga, na mstari wa chini kabisa besi ya baba, nzima, haina uji. Nilipiga makofi peke yangu. Kaka akasogeza kiti, akasoma maneno yaliyoandikwa chini ya nota, na uso wake ukabadilika.

"Soma hapa," aliniambia.

Yalikuwa yameandikwa: *Nulu ya asubuhi yatufikia, lehema zako zatuamsha.*

"Imekula r zote," alisema. "Tazama. Nulu. Lehema. Huku loho. Kama imeharibu maneno, nani atakuhakikishia nota? Utampelekea mzee besi iliyovurugwa, aisikie kwa mara ya mwisho, aende nayo hivyo kichwani. Bora asisikie."

Hakuwa ananikomoa. Aliogopa, na mimi pia niliogopa, maana alichosema kilikuwa na akili. Nilipekua wimbo mzima kutafuta r hata moja. Haikuwepo. Nikaanza kuusoma kwa sauti, kwa kukata tamaa, nulu ya asubuhi, lehema zako, na nilipofika kwenye mstari wa tatu nikasikia nani anaongea.

"Kaka," nilimwambia, "huyu si baba?"

Baba ni Mnyiha wa Itaka, na r haijawahi kukaa mdomoni mwake. Sisi tuliobaki nyumbani tulikua tukisikia lafiki na balabala na habali za asubuhi, na daftari zake za kwaya zilikuwa hivyo hivyo, kwa sababu aliandika alivyosema. Kaka alipelekwa shule ya bweni akiwa mdogo, wenzake wakamcheka, akajifunza r kwa nguvu hadi leo anaikoroma zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa. Alikuwa amesahau. Akausoma tena mstari wa kwanza, polepole. Kile kiprogramu hakikuharibu chochote. Kilikuwa kimetoa kila herufi kama baba alivyoiweka kwa kidole chake, na kama kilikuwa kimemtunzia hata lafudhi, nota kilikuwa kimezitunza pia.

"Usirekebishe," alisema kaka.

Yule mwalimu wa nchi ya baridi aliponiuliza kwenye jukwaa kama maneno yametoka salama, nilimjibu yametoka salama kabisa, ndivyo baba anavyoongea.

Nilichapa nakala za kutosha kwaya nzima. Kaka mwenyewe alijiunga na besi, na jioni kadhaa baada ya kazi alikuja Itaka kuwafundisha wazee mstari wao upya. Baadhi walibisha kwamba wao ndio wanakumbuka sawa. Aliwaonyesha karatasi. Walibisha tena, wakaimba, wakasikia jinsi ulivyokaa, wakaomba warudie.

Jumamosi mchana tukamkalisha baba kwenye kiti mbele ya kwaya, kanisani, akiwa na koti lake la harusi za watu. Tulimweka karibu sana, karibu kuliko anavyokaa mwalimu. Mama alisimama mstari wa mbele, sauti ya kwanza, kama kawaida yake, na kati yake na baba kulikuwa na hatua chache tu. Nilikaa pembeni na kompyuta mapajani. Wakaimba.

Niliujua wimbo ule tangu utotoni na kumbe nilikuwa sijawahi kuusikia. Besi ilipoingia kwenye ubeti wa pili nilihisi benchi linatetemeka. Mama aliimba macho yakiwa kwa baba, sauti yake bado nyembamba na imenyooka, na nikajiambia, tumeweza. Nilijivuna, nakiri, na nilikuwa na haki ya kujivuna.

Wakamaliza. Baba aliinamisha kichwa kidogo, kisha akaniangalia mimi.

"Sauti ya kwanza wameimba?" aliniuliza.

Mama alikuwa amesimama palepale mbele yake, bado ana pumzi ya wimbo kifuani.

"Wameimba, baba," nilimwambia karibu na sikio, kwa nguvu. "Mama ameimba."

"Niliona mdomo," alisema. Akafuta magoti ya suruali kwa viganja. "Besi nimeisikia vizuli. Ile ya tatu, kidogo. Huko juu kumekatika. Sikujua kama kumekatika kote."

Kaka akatoka kwenye mstari wa besi, akaja akachuchumaa kando ya kiti. Nilidhani atasema kitu cha kumfariji na nikaomba asiseme. Alifuata tu macho ya baba. Baba alikuwa anaitazama kompyuta yangu.

"Hiyo inakubali kubadilisha?" aliuliza. "Au na yenyewe inataka luhusa ya watu?"

"Inakubali, baba. Sema tu."

"Ichukue sauti ya kwanza," alisema, "uishushe chini, huku ninakosikia. Wape besi waiimbe."

"Na besi yako?" kaka akauliza kwa sauti kubwa. "Tumeitafuta kote huko!"

"Besi yangu nimeshaisikia. Wape watu wa sauti ya tatu waishike."

Mama akauliza basi yeye aimbe nini. Baba hakumsikia. Nilirudia swali lake sikioni mwa baba, na baba akashangaa kwamba jambo kama hilo linahitaji kuulizwa.

"Aimbe hiyo hiyo yake," alisema. "Aimbe pamoja nao."

Ilinichukua muda mfupi. Niliunakili mstari wa juu, nikaushusha hadi chini, mstari wa chini nikaupandisha kwa sauti ya tatu, nikahifadhi. Besi wakazunguka kioo changu wakitazama, ingawa hawakuhitaji kutazama. Mstari wa mama kila mtu Itaka anaujua. Kaka akarudi mahali pake. Mama akajipanga upya, akakohoa, akakaza kitambaa kichwani.

Wakaanza pamoja, mama juu na wanaume chini, wimbo mmoja, na koo la kaka yangu limebeba kila neno la mama. Baba hakuwatazama besi. Alimtazama mama, mdomo wake, tangu neno la kwanza, akitikisa kichwa pale anapovuta na kutulia pale anapopumua, na walipofika kwenye kiitikio akanyoosha mkono kuelekea kwake, akasema katikati ya wimbo, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe, "Hapo! Hapo nakusikia."